Kaa Mbali, Nishike Mkono

Somo kwa wanandoa: korona inapoingia katika nyumba yenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu



Katika somo la leo tunazungumza juu ya nyumba ambayo tayari ina mgonjwa wa muda mrefu, kisha ugonjwa wa pili unaingia bila kubisha hodi. Ugonjwa wa kwanza unaitwa maltipo sklerosisi, na wengi huutaja kwa herufi mbili tu, MS. Wa pili ni Covid-19, ambao sisi tumezoea kuuita korona. Kila mmoja peke yake ni mzigo wa kutosha. Yakikutana katika mwili mmoja, magonjwa haya humpa mume au mke anayeuguza amri mbili zinazopingana. Korona inamwambia: kaa mbali naye. MS inamwambia: mshike mkono, la sivyo ataanguka.

Je, atii amri ipi? Hilo ndilo swali la somo letu. Tutaona kwamba wenye ndoa wanaweza kuzitii zote mbili, mradi wapange mapema na wasifichane lolote.

Huenda msomaji akauliza, mbona turudie habari za korona leo? Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Lakini halikusema kwamba virusi vimekwisha. Bado vinazunguka pamoja na mafua mengine makali. Kwa nyumba yenye MS kila homa ni mtihani, hata homa ambayo jirani huimaliza kwa chai ya tangawizi na usingizi wa siku mbili.

MS NI UGONJWA GANI?

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna mishipa ya fahamu inayopeleka habari mwilini, ili jicho lione, mguu uinuke, kibofu kishike mkojo. Mishipa hiyo imevikwa utando wa mafuta, kama waya wa stima ulivyovikwa plastiki. Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuuchubua utando huo. Panapochubuka hubaki kovu, na habari hupita kwa shida au hazipiti kabisa. Jina la ugonjwa lenyewe lina maana ya makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa mpangilio mwaka 1868.

Dalili hutegemea mahali kovu lilipo. Mmoja huanza na jicho kufifia na kuuma. Mwingine huhisi ganzi na michomo miguuni, mwingine huyumba kama mlevi ilhali hajaonja kitu. Uchovu wake ni wa ajabu, na usingizi wa usiku mzima hauuondoi. Kwa wengi ugonjwa huja kwa vipindi: unachachamaa kwa wiki kadhaa, kisha unatulia. Kwa wengine huendelea polepole bila kupumzika.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi na MS. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Tazameni umri huo. Ni miaka ileile ya kufunga ndoa, kuzaa na kulea watoto wadogo. Basi ugonjwa huu huikuta ndoa ikiwa bado changa, na mara nyingi huikuta bila jina, kwa sababu katika Afrika yetu hauonekani sana na huchukua muda mrefu kutambulikana.

Mahali pasipo na jina, watu hutunga majina yao. Huku Pwani utasikia kwamba mwanamke huyo amepandwa na majini, au amerogwa na mke mwenza wa jirani, au ni mvivu tu aliyechoka kazi za nyumbani. Mume akikubali maneno hayo, pesa za matibabu huishia kwa waganga na heshima ya mkewe huishia barazani. Mwezi Januari 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliochunguza kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kuwa MS ina uhusiano mkubwa na virusi vya Epstein-Barr. Karibu watu wote wazima duniani wamewahi kuambukizwa virusi hivyo, na walio wengi sana hawapati MS kamwe. MS yenyewe haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Wapo pia madaktari wanaodhani kuwa Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, Uholanzi, aliyefariki mwaka 1433 baada ya kuugua tangu usichana wake, alikuwa na ugonjwa huu. Kama ni hivyo, ulikuwako zamani sana kabla haujapewa jina.

TULIYOJIFUNZA MWAKA 2020

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huohuo amri ya kutotoka nje usiku ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, na Mombasa haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai.

Fikirini maana ya tarehe hizo kwa nyumba ya Kiembeni yenye mgonjwa wa MS. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Basi la usiku la kumpeleka mgonjwa kliniki halikuwapo tena, na safari ikawa ya kuombewa kibali. Ndugu aliyekaa Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja, alikuwa katika kaunti nyingine. Ugonjwa ukizidi saa nne usiku, kwanza uwaze askari wa barabarani, ndipo uwaze namna ya kuvuka Daraja la Nyali hadi Hospitali Kuu ya Pwani. Makanisa nayo yalifungwa, hata wale wa jumuiya ndogo ndogo waliozoea kuja kumwosha mgonjwa na kumpikia wakabaki kwao.

Siku zile zimepita, lakini zilituachia mafundisho matatu.

La kwanza, nyumba yenye ugonjwa wa muda mrefu isingoje dawa ziishe ndipo ikazitafute. Akiba ya mwezi mmoja ni busara, kwa wanaoimudu.

La pili, mgonjwa awe na karatasi moja iliyoandikwa wazi: jina la ugonjwa, dawa anazotumia na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, na namba ya simu ya daktari wake. Daktari wa zamu anayekutana naye usiku huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa MS. Karatasi hiyo itasema wakati mgonjwa hana nguvu ya kusema.

La tatu, muuguzaji mmoja hatoshi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Lazima ajulikane mtu wa pili, tena ajulikane kabla ya homa.

HOMA INAPOPANDA

Hapa wanandoa wasikilize vizuri, maana ndipo wengi hutishika. Mishipa iliyochubuka haipendi joto. Joto la mwili likiongezeka hata kwa nusu digrii, habari zinazopita katika mishipa hiyo hukwama. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika mwaka 1890 juu ya wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojichosha, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ilifahamika kuwa chanzo ni joto. Wenye MS wa Mombasa wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, mtu anayetembea vizuri asubuhi hushindwa kuinua miguu saa nane mchana. Kusi likianza kuvuma, naye hupata nafuu.

Korona huleta homa, na homa ni kaskazi iliyoingia ndani ya mwili. Mke aliyetembea jana kwa fimbo, leo hawezi kusimama. Jicho la zamani linafifia tena, ulimi unakuwa mzito, mkojo unamtoka. Mume anaona mkewe amepooza, naye mke anajisemea moyoni kwamba mambo yamekwisha. Mara nyingi hayajakwisha. Ni makovu ya zamani yanayolia kwa sababu ya joto, na homa ikishuka nguvu hurudi kwa kiasi kikubwa.

Namna ya kutofautisha ni hii. Dalili za zamani zikirudi pamoja na homa, kwanza ishusheni homa mkaone. Lakini dalili mpya, ambayo mgonjwa hajawahi kuwa nayo, ikidumu zaidi ya saa 24 hali homa imekwisha, basi huenda MS yenyewe imechachamaa. Hapo daktari apigiwe simu.

Kushusha homa, mgonjwa avuliwe nguo nzito, afutwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na akae penye upepo. Maji ya baridi kali yasitumike, maana yanamtetemesha na kukaza misuli. Parasetamoli inasaidia: kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku moja. Angalieni pia kwamba dawa nyingi za mafua za dukani zina parasetamoli ndani yake, msije mkampa mara mbili bila kujua.

Anywe maji kidogo kidogo mara nyingi. Hapa kuna siri ambayo wagonjwa wengi wa MS huificha: hawanywi maji ya kutosha kwa kuogopa safari za chooni. Lakini kibofu kisichosafishwa na maji hupata maambukizo, na maambukizo ya mkojo nayo huleta homa. Kwa hiyo msiseme kila homa ni korona. Huku kwetu homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mkojo, inaweza kuwa korona, au mbili kwa pamoja. Vipimo vyote vitatu viombwe.

AMRI MBILI, JIBU MOJA

Sasa turudi kwenye swali letu. Mgonjwa ana korona, naye hawezi kugeuka kitandani, kwenda chooni wala kuoga bila kushikwa. Umbali wa hatua mbili ambao wengine waliambiwa wauweke, kwake hauwezekani. Mwenzake afanye nini?

1. Muuguzaji awe mmoja kwa wakati mmoja. Afadhali awe mtu asiye na kisukari, shinikizo la damu wala umri mkubwa. Kama mume ndiye mwenye kisukari, amwachie kazi hiyo mtu mwingine mzima, wala hiyo si kumkimbia mkewe.

2. Kazi za kugusana zifanywe kwa mkupuo. Kuosha, kubadilisha nguo, kugeuza, kutoa dawa, vyote vipangwe vifuatane. Kisha muuguzaji aondoke, anawe mikono kwa sabuni, akae mlangoni na kuzungumza naye. Maji ya mifereji yakikatika, kama yanavyokatika mara kwa mara mitaani kwetu, mtungi mmoja utengwe kwa ajili ya mikono tu.

3. Wote wawili wavae barakoa muuguzaji anapokuwa karibu, ila mgonjwa anayepumua kwa shida asilazimishwe. Madirisha yafunguliwe. Hewa inayopita ni kinga, na kwa mgonjwa wa MS ni nafuu ya joto vilevile.

4. Anapomwinua, asimame ubavuni, nyuso zisielekeane. Asimvute kwa mikono wala makwapa, maana bega hutenguka. Amfunge mshipi mpana kiunoni na kumshika hapo.

5. Nyumba yenye chumba kimoja na sebule haina mahali pa kumtenga mtu. Basi mzima alale sebuleni au juu ya godoro sakafuni, mgonjwa abaki kitandani. Wengine hufanya kinyume. Mgonjwa wa MS aliyelazwa sakafuni hawezi kuinuka peke yake, naye anayemwinua anaumia mgongo. Ikibidi walale chumba kimoja, vichwa vielekee pande tofauti.

6. Mgonjwa awe na kitu cha kuitia: simu, kengele, au kikombe na kijiko. Mtu anayejua kwamba ataitikiwa hulala kwa amani.

7. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Miguu ikunjwe na kunyooshwa mara kadhaa kwa siku, kwa sababu korona hugandisha damu, na mtu asiyetembea yumo katika hatari zaidi. Anapokula akae wima, maana chakula kikienda njia ya pumzi mapafu yanaugua mara ya pili.

Mnaona basi kwamba amri zile mbili hazikuwa na ugomvi. Kaa mbali saa zile ambazo huhitajiki, ili uweze kumshika mkono saa anayokuhitaji.

DAWA, NA DAWA ZA KUEPUKA

Watu wengi wenye MS waliogopa kwamba ugonjwa wao ungewafanya wapate korona upesi kuliko wengine. Utafiti haukuonyesha kwamba MS peke yake hufanya hivyo. Madaktari wa Ufaransa waliofuatilia wagonjwa 347 na kuchapisha matokeo mwaka 2020 walikuta kuwa waliozidiwa zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye ulemavu mkubwa na wenye unene uliopita kiasi. Tafiti zilizofuata ziliongeza dawa za kupunguza kinga za kundi la rituksimabu na okrelizumabu, pamoja na dozi kubwa za steroidi zilizotolewa karibu na wakati wa maambukizo.

Baada ya kusikia hayo, mtu anaweza kutupa dawa zake. Asifanye hivyo. Baadhi ya dawa za MS, kama vile fingolimodi na natalizumabu, zikiachwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Baklofeni, inayolegeza misuli, ikikatwa kwa siku moja huweza kuleta degedege. Atakayeamua dawa ipi isogezwe mbele ni daktari, kwa hiyo apigiwe simu siku ileile kipimo kinapoonyesha korona.

Kinyume chake ni kosa pia. Mwaka 2020 ilijulikana kuwa deksamethasoni huokoa maisha ya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, na wengi wakakimbilia duka la dawa kuinunua. Kwa asiyehitaji oksijeni haina faida, na huweza kumdhuru. Prednisoloni iliyobaki kabatini tangu MS ilipochachamaa mara ya mwisho isimezwe kwa kubahatisha.

Chanjo zilifika Kenya mwezi Machi 2021. Zile zilizotumika hapa kwetu hazina virusi hai vya korona, na madaktari wa MS waliwashauri wagonjwa wao wachanjwe. Anayetumia rituksimabu au okrelizumabu huenda asijenge kinga kubwa, kwa hiyo watu wanaoishi naye wakichanjwa wanamjengea ukuta. Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Agosti 2021, aliwaeleza waumini kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Katika nyumba ya namna hii maneno hayo si ya mafumbo hata kidogo.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msingoje asubuhi mkiona mojawapo ya haya: mgonjwa anahema au hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja; kifua kinambana; midomo imebadilika rangi; amechanganyikiwa au haamshiki; mguu mmoja umevimba na kuuma; hawezi kumeza; au mkojo umefunga kabisa.

Kipo kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 au zaidi. Ikisoma 94 au 93, mtafuteni mhudumu wa afya. Ikifika 92 au chini, nendeni hospitali mara moja. Kidole kisiwe na rangi ya kucha wala piko. Mjue pia kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa akihema, aaminiwe yeye kuliko kifaa.

Kumbukeni vilevile kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha na kulipa kufanywe siku za afya.

YANAYOTUHUSU KAMA MUME NA MKE

Siku ya ndoa tuliahidiana uaminifu wa siku njema na siku za ugonjwa. Wengi tulipotamka hivyo tulifikiria ugonjwa wa wiki moja. MS ni ugonjwa wa miaka 30 au 40, nayo korona ni jaribio la ghafla katikati ya miaka hiyo. Tuseme basi kwa uwazi.

Kwa wewe unayeugua: sema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Koo likianza kuwasha, sema siku hiyo, usingoje homa. Usikae kimya kwa kuogopa kuwa mzigo, maana mwenzio atajua tu, naye atakuwa amechelewa. Tena mwambie jambo lililo wazi: "Baba Fulani, leo mguu wa kushoto hauinuki, nao jana ulikuwa unainuka." Maneno kama hayo yanamsaidia kuliko kuguna na kugeukia ukutani. Na akikusaidia, mshukuru, hata kama amemwaga uji.

Kwa wewe unayeuguza: mkeo au mumeo hakuchagua kushindwa. Uchovu wa MS hauonekani kwa macho, kwa hiyo usiupime kwa macho. Usimfokee kwa shuka lililolowa. Usizungumze habari zake na daktari au na mama yako juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo. Nawe ukichoka, useme pia. Muuguzaji asiyelala wala kula huanguka yeye kwanza, na nyumba hubaki na wagonjwa wawili. Kumwita dada, shemeji au jirani achukue zamu ya usiku mmoja ni kutunza ahadi yako.

Kwa wakwe na ndugu: njooni na maji, na chakula, na nauli. Maswali ya nani amemroga mwaache nyumbani. Mume akiambiwa na wazee wake atafute mke mwingine mwenye afya, yeye mwenyewe ndiye wa kujibu, tena ajibu mbele yao, ili mkewe asilazimike kujitetea akiwa kitandani.

Kwa watoto: waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuleta maji na kufungua dirisha. Asipewe kazi ya kumwinua mama yake wala kukaa macho usiku, kwa sababu ana shule na ana utoto wake.

Kuhusu mambo ya chumbani, MS huweza kupunguza hisia na hamu hata bila korona. Baada ya majuma ya barakoa na vitanda tofauti, wengine hubaki kama kaka na dada kwa kukosa tu neno la kuanzia. Neno hilo laweza kuwa dogo. Shika mkono wake wakati ambapo hakuna kazi ya kufanya, usiwe mkono wa kuinua wala wa kugeuza. Mengine yatakuja kwa wakati wake, na daktari naye anaweza kuulizwa bila aibu.

BAADA YA HOMA

Kipimo kikisema korona imekwisha, watu hutarajia mgonjwa arudi jikoni au kazini Jumatatu. Hata mtu asiye na MS huweza kubaki na uchovu kwa wiki au miezi. Kwa mwenye MS nguvu zihesabiwe kama pesa za matumizi. Ukizitumia zote asubuhi kufua, hutakuwa na za kupandia tuktuk jioni. Apike akiwa ameketi. Aoge kabla jua halijapanda. Afanye kidogo, apumzike kabla ya kuchoka, aongeze polepole.

Mkiona ulemavu umebaki, msijifungie. Bombolulu, jirani zetu kabisa katika barabara ya Malindi, kuna karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka 1969 na ambazo ziko chini ya Shirika la Watu Wenye Ulemavu wa Viungo la Kenya. Wengi wetu tumezipita kwa matatu mara elfu bila kufikiri. Zinatukumbusha kwamba mtu asiyetembea anaweza bado kuleta mkate mezani. Kujiandikisha katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nako ni haki, wala si aibu.

Na mgonjwa akiomba Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, msiseme anajiandaa kufa. Kanisa humpa yeyote mwenye ugonjwa mzito, na akiugua tena vibaya anaweza kuipokea tena.

MASWALI YA KUJADILI MUME NA MKE

1. Mmoja wetu akipata homa usiku wa leo, nani ataitwa kutusaidia? Je, mtu huyo anajua?
2. Karatasi ya dawa na namba ya daktari iko wapi? Watoto wanajua ilipo?
3. Ni jambo gani la ugonjwa wangu ambalo nimekuwa nikikuficha ili usihangaike?
4. Ndugu zetu wanasema nini juu ya ugonjwa ulio nyumbani mwetu, nasi tunawajibu nini?
5. Mara ya mwisho tulishikana mikono bila kazi ya kufanya ilikuwa lini?

AZIMIO LA WIKI

Andikeni karatasi ile leo jioni, nyote wawili mkiwa mmeketi. Mmoja aandike, mwingine ataje. Kisha ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, mahali mkono wa mgonjwa unapofika akiwa ameketi.